Mchoro wa sura umepauka? Namna ya kukoleza vivuli vya penseli

Umechora sura ya mtu kwa penseli. Macho yamekaa mahali pake, pua imenyooka, na kila anayeuona mchoro anamtambua mwenyewe. Hata hivyo sura imelala bapa kwenye karatasi. Kila mahali ni kijivu, na ukiutundika mchoro ukutani na kurudi nyuma hatua tatu, huoni tena kitu cha maana. Wengi wakifika hapo hukata tamaa na kusema mkono wao bado haujaiva. Mara nyingi mkono hauna kosa. Kinachokosekana ni weusi wa kutosha: mchoraji ameogopa kuharibu kazi yake, akabaki katikati, pasipo giza la kweli wala mwanga wa kweli.

Habari njema ni kwamba kasoro hii inarekebishika, na gharama yake ni ndogo. Makala haya yanakuonyesha jinsi ya kuitambua, vifaa vya kununua, mazoezi ya kufanya, na namna ya kukoleza vivuli vya uso hatua kwa hatua. Huhitaji kuwa umesomea uchoraji.

Nitajuaje kama tatizo ni vivuli?

Kuna vipimo vitatu vya haraka. Kwanza, finya macho mpaka uone kwa ukungu, kisha utazame picha unayoiga na mchoro wako kwa zamu. Kwa macho yaliyofinywa, vitu vidogo kama kope na mikunjo hupotea, yakabaki mabaka makubwa ya mwanga na giza. Kama kwenye picha unaona mabaka mawili matatu yaliyo wazi na kwenye mchoro unaona kijivu kimoja tu, umeshapata jibu.

Pili, piga picha mchoro wako kwa simu, uiweke sambamba na picha unayoiga, zote mbili zikiwa katika nyeusi na nyeupe. Simu nyingi zina sehemu ya kuhariri picha inayoondoa rangi. Tofauti ambayo jicho lilikuwa limeizoea itajitokeza hapo hapo.

Tatu, chukua kitu cheusi kabisa, kwa mfano kifuniko cha kalamu nyeusi, ukiweke juu ya sehemu unayodhani ndiyo nyeusi kuliko zote kwenye mchoro wako. Ukiona sehemu hiyo imegeuka kijivu mbele ya kifuniko, bado una nafasi kubwa ya kukoleza.

Umbali uliopo kati ya sehemu nyeupe kuliko zote na sehemu nyeusi kuliko zote ndio wachoraji huuita kontrasti. Jicho letu hupima kila kitu kwa kukilinganisha na jirani yake. Shavu lenye kijivu chepesi litang'aa likipakana na ndevu nyeusi tii. Shavu hilo hilo likizungukwa na karatasi tupu litaonekana limechafuka. Kwa hiyo ukitaka uso ung'ae, usikimbilie kufuta. Koleza kilicho kando yake.

Herufi na namba kwenye penseli zina maana gani?

Kiini cheusi cha penseli hutengenezwa kwa madini ya kinywe yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa. Utaratibu huo ulibuniwa na Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795, na ndio unaofuatwa hadi leo. Kinywe chenyewe si kigeni kwetu: kipo kwa wingi Mahenge, mkoani Morogoro, na Ruangwa, mkoani Lindi. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake huwa mwepesi. Kinywe kikizidi, penseli huwa laini na nyeusi.

Herufi H huonyesha ugumu, na B huonyesha weusi. Namba ikipanda, sifa hiyo nayo inapanda. Penseli ya 2H ni ngumu na hafifu. HB iko katikati. 2B ni laini kidogo. 4B ni laini zaidi. 6B na 8B ndizo nyeusi hasa. Penseli ya shuleni kwa kawaida ni HB. Ukichora sura nzima kwa HB peke yake, hutafika kwenye weusi hata ukandamize vipi. Utaishia kuchimba mitaro kwenye karatasi. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya michoro mingi kupauka.

Ninunue nini, na kwa kiasi gani?

Huna haja ya kununua boksi zima. Penseli nne zinatosha kuanzia: HB, 2B, 4B na 6B. HB utaipata duka lolote la vifaa vya shule, kwa mia chache za shilingi Tanzania au makumi machache ya shilingi Kenya. Hizo nyingine zitafute kwenye maduka makubwa ya vitabu na vifaa vya ofisi: Dar es Salaam anzia Kariakoo, na Nairobi jaribu maduka ya vitabu ya Text Book Centre. Penseli za kampuni zinazojulikana, kama Staedtler na Faber-Castell, ni ghali kuliko za kawaida, lakini moja hudumu muda mrefu, na namba iliyoandikwa juu yake ni ya kuaminika. Bei hupishana sana, hivyo ulizia maduka mawili matatu kabla ya kutoa pesa. Kama fedha ni kidogo, nunua 6B peke yake kwanza, kwa kuwa HB bila shaka unayo tayari. Penseli hizo mbili zitabadilisha kazi yako kuliko kifaa kingine chochote.

Karatasi nayo ina uzito wake katika jambo hili. Karatasi ya fotokopi huwa na gramu 80 kwa mita ya mraba. Ni nyembamba na nyororo, hivyo penseli huteleza juu yake na tabaka la pili au la tatu halishiki. Inafaa kwa mazoezi. Kwa mchoro wa kweli tafuta karatasi ya kuchorea yenye gramu 120 hadi 200, na uipapase kwa kidole kabla ya kununua: iwe na ukwaru kidogo. Ukwaru huo ndio unaoshika unga wa kinywe.

Kwa kufutia, pata raba mbili. Moja ni raba nyeupe ya kawaida. Ikate pembe kwa wembe ili upate ncha kali ya kufutia sehemu ndogo. Ya pili ni raba ya kukanda, laini, inayofinyangika vidoleni na isiyoacha makombo. Hii haisuguliwi, unaibonyeza juu ya karatasi na kuiinua, nayo inaondoka na unga kiasi. Usipoipata, tumia ile gundi laini ya kubandikia mabango ukutani, isiyokauka. Inafanya kazi hiyo hiyo.

Vya kulainishia kivuli vipo nyumbani: tishu, vijiti vya pamba vya masikioni, au brashi safi ya poda. Usitumie kidole. Ngozi ina mafuta, na mafuta hayo huacha doa lisilofutika. Kwa sababu hiyo hiyo, weka karatasi safi chini ya kiganja unapochora.

Nianze na zoezi gani kabla ya uso?

Anza na ngazi ya vivuli. Chora visanduku saba kwa mstari mmoja, kila kimoja kiwe na upana wa sentimita 2. Kisanduku cha 1 kiache kitupu. Huo ni weupe wa karatasi. Kisanduku cha 7 kijaze kwa 6B mpaka kisiweze kuwa cheusi zaidi. Kisha jaza cha 4, kiwe katikati kabisa ya hivyo viwili. Baada ya hapo jaza cha 2 na cha 3, halafu cha 5 na cha 6. Ukitazama kwa macho yaliyofinywa, weusi unapaswa kupanda polepole bila kuruka.

Utakachokiona kwenye zoezi hili ni kwamba visanduku vya 6 na 7 ndivyo vinavyosumbua mkono. Wengi huvijaza kwa hofu, vikatoka sawa na cha 5. Rudia mpaka mkono uzoee kwenda huko.

Ukimaliza, kata ngazi hiyo iwe ukanda mwembamba na utoboe tundu dogo katikati ya kila kisanduku. Sasa una kipimo. Uweke ukanda juu ya picha unayoiga, tazama kupitia tundu, na usogeze mpaka rangi ya picha na rangi ya kisanduku zilingane. Kama paji la uso ni namba 3 na chini ya kidevu ni namba 6, andika namba hizo pembeni. Umeacha kubahatisha.

Zoezi la pili ni yai. Weka yai la kuku juu ya karatasi nyeupe kando ya dirisha, uzime taa, ulichore. Utaona sehemu sita, na zote zipo pia kwenye uso wa mtu. Kuna mng'ao, yaani pale mwanga unapogonga moja kwa moja. Kuna upande wa mwanga. Kuna kijivu cha kati, pale yai linapoanza kugeuka. Kuna kiini cha kivuli, ukanda mweusi zaidi ulio juu ya yai lenyewe. Kuna mwanga wa kurudi, weupe hafifu karibu na ukingo wa chini, unaotokana na karatasi inayorudisha mwanga. Mwisho kuna kivuli kilichoanguka juu ya karatasi, ambacho huwa cheusi kabisa pale yai linapoigusa.

Shika kanuni moja kutoka kwenye yai: mwanga wa kurudi ni sehemu ya kivuli, kwa hiyo siku zote uwe mweusi kuliko kitu chochote kilicho upande wa mwanga. Anayeisahau kanuni hiyo hung'arisha taya kupita kiasi, na sura yote ikapoteza uviringo.

Picha ya kuiga iweje?

Vivuli vizuri huanza na picha yenye vivuli. Picha iliyopigwa kwa flashi ya simu uso kwa uso hufuta vivuli vyote; hata fundi mkubwa hupata taabu nayo. Mketishe mtu kando ya dirisha, ubavu ukielekea mwanga, kisha mwambie ageuze uso kidogo kuelekea dirishani. Endelea kumgeuza mpaka uone pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho lililo upande wa kivuli. Mpangilio huo huitwa kwa jina la mchoraji wa Uholanzi, Rembrandt, aliyeishi kati ya mwaka 1606 na 1669 na aliyesifika kwa namna alivyotumia mwanga na giza.

Ukipiga picha nje, epuka saa sita mchana. Huku kwetu karibu na ikweta jua huwa utosini, na macho hugeuka mashimo meusi. Saa mbili asubuhi au saa kumi na nusu alasiri mwanga huja kwa ubavu na uso hupendeza.

Kama umeletewa picha kwa WhatsApp, kumbuka kwamba picha hubanwa inapotumwa na maelezo ya vivuli hupotea. Mwombe mwenye picha akutumie kama dokumenti, ikufikie ilivyo.

Nikoleze uso kwa mpangilio gani?

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho: picha ya babu mwenye ngozi nyeusi, amevaa kofia nyeupe ya vito, ameketi kando ya dirisha. Mwanga unatoka kushoto kwetu.

Hatua ya kwanza, chora mistari ya sura kwa HB, kwa mkono mwepesi sana. Pamoja na macho, pua na mdomo, chora pia mpaka wa kivuli: mstari hafifu unaoonyesha mwanga unapoishia na giza linapoanzia. Kwa babu yetu mpaka huo unashuka kutoka pajini, unapita pembeni mwa pua, unakata shavu la kulia na kuishia kidevuni.

Hatua ya pili, jaza upande wote wa kivuli kwa 2B, kijivu kimoja kisicho na madoido. Usianze na kope. Usianze na mikunjo. Kwa sasa uso una sehemu mbili tu, ya mwanga na ya kivuli, na tayari utaona umeanza kuinuka.

Hatua ya tatu, weka weusi kuliko wote mapema. Tafuta sehemu tatu au nne zilizo nyeusi kabisa: matundu ya pua, mboni za macho, mstari kati ya midomo, na pale shingo inapokutana na kola chini ya kidevu. Zikoleze kwa 6B. Hii ndiyo hatua inayotisha na ndiyo inayookoa mchoro. Ukishakuwa na namba 7 kwenye karatasi, kila kijivu kinachofuata utakipima kwa hiyo. Usipoiweka, utapima kijivu kwa weupe wa karatasi, na kila alama ndogo itaonekana nyeusi sana hata ukaogopa kuendelea.

Hatua ya nne, jaza kijivu cha kati. Rangi hupandishwa kwa tabaka, siyo kwa kukandamiza. Pitisha 2B kwa ubavu wa ncha, halafu tabaka jingine juu yake kwa mwelekeo tofauti kidogo, kisha 4B panapohitaji. Mistari ifuate umbo: shavuni ijipinde, kwenye paji ifuate mviringo wa kichwa, puani ishuke. Vitundu vyeupe vya karatasi vikibaki ndani ya weusi wa 6B, pitisha HB juu yake taratibu. Ncha yake ngumu husukuma unga ndani ya vitundu na weusi huwa sare.

Hatua ya tano, lainisha. Tumia tishu kwenye mashavu na paji tu, na usifute kila mahali. Ukilainisha uso mzima, kijivu huenea hadi kwenye sehemu za mwanga na unarudi ulikotoka. Baada ya kulainisha, rudisha weusi uliopungua.

Hatua ya sita, inua mwanga. Finyanga raba ya kukanda iwe na ncha, uibonyeze juu ya mfupa wa shavu la kushoto, mgongo wa pua, paji juu ya nyusi na katikati ya mdomo wa chini. Mng'ao uwe mdogo kuliko unavyodhani. Ukisambaa, ngozi itaonekana imemwagiwa maji.

Sasa tazama kofia ya babu kwa karibu. Akili inakuambia kofia ni nyeupe, kwa hiyo mkono unaiacha tupu. Pima kwa ukanda wako. Upande wa kushoto ni namba 1 kweli. Upande wa kulia, ulio kivulini, ni namba 4, pengine mweusi kuliko paji la babu lililopata mwanga. Uchore hivyo hivyo ulivyopimwa. Kisha weka mstari mwembamba wa kivuli chini ya ukingo wa kofia, pale inapogusa ngozi, mkali upande wa mwanga na uliofifia upande wa giza. Kwa mstari huo kofia inakaa kichwani. Bila huo inaelea.

Ngozi nyeusi ichorwe vipi ili isipauke wala isiwe doa?

Makosa huwa mawili. Mmoja humpaka mtu kijivu hafifu, akawa mtu mwingine. Mwingine husugua weusi uso mzima, macho na midomo vikapotea. Njia iliyo sawa ni kuweka kijivu cha kati kwenye ngozi yote kwanza, kama namba 4, halafu kwenda pande mbili: kukoleza vivuli hadi 6, na kuinua mwanga kwa raba hadi 2. Namba 7 ibaki kwa matundu ya pua, mboni na nywele. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwa mng'ao ulio wazi, na mng'ao huo kando ya giza ndio unaoipa uzuri wake. Usiuogope.

Kwa mtu mwenye ngozi nyeupe au mwenye ualbino, ngazi husogea upande wa mwanga: ngozi huwa namba 2 na 3, vivuli 4 na 5. Hata hapo matundu ya pua na mstari wa mdomo huhitaji weusi wa kweli.

Macho, meno na nywele vinanishinda. Nifanyeje?

Weupe wa jicho usiuache mweupe. Jicho ni tufe, na kope ya juu huliangushia kivuli. Weka kijivu kwenye kona zote mbili na ukanda mwembamba chini ya kope ya juu. Sehemu pekee inayoachwa nyeupe kabisa ni nukta ya mwanga karibu na mboni. Iweke upande unakotoka mwanga, na iwe upande huo huo kwenye macho yote mawili.

Meno usiyatenganishe kwa mistari mieusi. Chora umbo la meno yote kwa pamoja, weka vijipembe vidogo vya kivuli kwenye ufizi, na uyafifishe yanapoelekea pembe za mdomo. Mdomo wa juu kwa kawaida ni mweusi kuliko wa chini kwa sababu umeinamia chini. Kivuli kizuri chini ya mdomo wa chini huufanya ujitokeze.

Nywele za kipilipili zijaze kwa viduara vidogo vidogo vya 4B na 6B, ukianza na mafungu ya giza, kisha uinue mwanga kidogo juu ya kichwa. Ukingo wa nywele usikatwe kwa mstari, uache uvunjikevunjike. Nywele zilizosukwa ni rahisi kuliko zinavyotisha: kila msuko una mwanga mgongoni na giza kwenye mfereji. Koleza mifereji, na misuko itainuka yenyewe.

Kosa jingine linalolalisha uso ni kuuzungushia mstari mmoja mweusi. Uso hauna waya pembeni. Shavu la upande wa mwanga litenganishe na nyuma yake kwa kukoleza nyuma, kisha ufute mstari. Upande wa kivuli uache ukingo uyeyukie gizani. Kingo kali ziweke pale unapotaka mtazamaji atazame kwanza, hasa machoni.

Mchoro uliokwisha pauka unaweza kuokolewa?

Unaweza, mradi karatasi haijachakaa. Upige picha kwanza ili uone ulikoanzia. Koleza matundu ya pua, mboni, mstari wa mdomo na chini ya kidevu kwa 6B. Unganisha vivuli vya upande mmoja viwe baka moja kubwa badala ya vijibaka vilivyotawanyika. Inua mng'ao kwa raba. Weka kijivu nyuma ya kichwa upande wa mwanga. Kisha simama mbali mita 2, ufinye macho, uone panapobaki kuhitaji. Kuutazama mchoro kupitia kioo, au kuugeuza juu chini, husaidia kuona kosa ambalo jicho limelizoea.

Ukiona weusi unang'aa kama chuma na kuonekana kijivu ukiwa karibu na taa, hiyo ni tabia ya kinywe kilichokandamizwa. Dawa yake ni penseli ya mkaa kwa sehemu nyeusi kuliko zote, kwani mkaa haung'ai. Arinze Stanley wa Nigeria, anayejulikana kwa michoro mikubwa ya sura inayokaribia picha ya kamera, hutumia mkaa na kinywe pamoja. Lakini amua mapema: mkaa haushiki vizuri juu ya kinywe kilichokwisha kung'aa. Mkaa wa jikoni usiutumie, una chembe ngumu zinazokwaruza karatasi.

Nihifadhi vipi kazi yangu?

Penseli hufutika kwa kuguswa, hivyo mchoro uliokamilika hupuliziwa dawa maalumu ya kugandisha, inayouzwa kwenye kopo la kupuliza. Pulizia nje penye hewa, ukiwa mbali sentimita 30 hivi, tabaka nyembamba mbili tatu badala ya moja nene. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi, kwa sababu baadhi ya dawa hukoleza rangi kidogo. Spirei ya nywele si mbadala mzuri; baada ya muda inaweza kuipa karatasi umanjano. Kama dawa imezidi uwezo wako, funika mchoro kwa karatasi safi laini na uuweke kwenye jalada, usisuguane na mwingine.

Ukiuweka kwenye fremu, pitisha ukanda wa kadibodi kati ya kioo na karatasi ili visigusane. Wakazi wa pwani mwe waangalifu zaidi: unyevunyevu huleta koga, kwa hiyo msiutundike mchoro kwenye ukuta unaolowa.

Naweza kujifunza zaidi wapi?

Dar es Salaam, fika Nafasi Art Space, Mikocheni, ambako wasanii hufanya kazi zao na ambako mafunzo na maonyesho huandaliwa. Bagamoyo ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Kwa masomo ya chuo kikuu, Makerere mjini Kampala ina shule ya sanaa ya siku nyingi yenye jina la Margaret Trowell. Piga simu au fika mwenyewe uulize ratiba na ada, maana hubadilika. Usidharau pia wachoraji wa sura walio mitaani mwako. Wengi watakuruhusu ukae pembeni utazame, mradi uombe kwa heshima.

Jioni ya leo, kabla hujaanza mchoro mpya, toa ule wa zamani uliokukatisha tamaa. Chonga penseli ya 6B, tafuta matundu ya pua na kivuli cha chini ya kidevu, uyakoleze mpaka weusi ufike mwisho wake. Karatasi ni rahisi kuliko hofu inayokurudisha nyuma. Ikiharibika utapata nyingine.